Kilima cha Mama Yangu na Mtu Asiyebisha Hodi

Mama yangu aliibiwa kilima asubuhi ya Jumanne, akiwa amekaa jikoni kwake na kikombe cha kahawa mkononi.

Msicheke. Naongelea kitu kilichotokea.

Hakuna aliyekuja na tingatinga. Hakuna aliyechimba wala kubeba. Jamaa mmoja ambaye hatukuwahi kumwona alikaa mbele ya kompyuta yake, akabonyeza kitufe, na kilima ambacho mama alikipanda na nyonga mbovu huku anauma meno kikawa si chochote tena.

Naitwa Renae. Nimezaliwa Iowa, nimekulia Iowa, na nina ulimi mkali. Hilo la ulimi nimeambiwa tangu darasa la kwanza, kwa hiyo sitaki kuambiwa tena.

Najua mnachowaza. Iowa na vilima wapi na wapi? Ni kweli, kwetu ni tambarare. Ni mahindi mpaka macho yachoke, ukigeuka ni soya.

Lakini hata meza ina upande uliokaa juu kidogo. Kila kaunti, hata iwe bapa namna gani, ina mahali pamoja palipo juu kuliko kwingine kote. Iowa ina kaunti tisini na tisa. Na kuna watu, wazima wa akili kabisa, ambao starehe yao ni kupatafuta mahali hapo katika kila kaunti, kwenda, kusimama, na kurudi nyumbani.

Basi. Hakuna medali.

Mara nyingi hicho kilele chenyewe kipo katikati ya shamba la mtu, au nyuma ya zizi, au kando ya tanki la maji. Unasimama. Unaangalia kulia, mahindi. Unaangalia kushoto, mahindi. Unarudi kwenye gari.

Watu walikuwa wanamtania mama: "Ardith, huko juu umeona nini?"

Naye anajibu, "Nimeona kaunti nzima iko chini yangu. Wewe umewahi?"

Mchezo una sheria zake. Ufike kwa miguu yako. Pawe pameumbwa na Mungu, siyo rundo lililorundikwa na binadamu. Jaa la takataka hata liwe refu kama kanisa halihesabiki.

Halafu kuna sheria ya mama, ambayo kwake ndiyo ya kwanza. Ardhi ni ya mtu, kwa hiyo unabisha hodi, na huendi mikono mitupu. Mama alikuwa anaoka mkate wa ndizi, anaufunga kwenye karatasi ya foili ukiwa bado wa moto, tunagonga mlango wa mkulima. Walikuwepo waliotukatalia. Tulikuwa tunawaachia mkate, tunaondoka, tunarudi mwaka unaofuata.

Wote waliokataa mwaka wa kwanza walikubali wa pili. Mkate wa mama siyo mchezo.

Aliyemwingiza kwenye mambo haya ni baba yangu, Merlyn. Baba alikuwa muuza mbegu za mahindi, na gari lake lilizijua barabara zote za jimbo. Siku alipostaafu akamwambia mama, "Nimezipita kaunti zote hizi maisha yangu yote, na sijapanda hata moja. Twende tukazipande."

Wakaanza. Hawakufika nusu, moyo wa baba ukasimama.

Tulidhani mama ataacha. Majira ya kuchipua yaliyofuata akachukua kofia ya baba, ile ya kijani ya kampuni ya mbegu yenye jasho la miaka kwenye ukingo, akaingia kwenye gari langu na kusema, "Endesha."

Kila alipofika kileleni alikuwa anaiweka kofia chini, anasimama kando yake na kusema, "Merlyn, tumefika." Anaiokota, tunaondoka.

Kaunti ya mwisho tuliimaliza Aprili, kabla watu hawajapanda mahindi. Jina la kaunti nalihifadhi, na sababu mtaiona. Kilele kilikuwa kwenye shamba la mzee mmoja mjane, Harlan. Nyonga ya mama ilikuwa imeshaharibika, na alikuwa anangoja upasuaji. Alitembea kutoka kwenye uzio mpaka juu akiwa amenishika mimi mkono huu na Mzee Harlan mkono ule, na hakuna hatua aliyoipiga bila maumivu. Mzee Harlan alikuwa anamwambia tu, "Taratibu, Ardith. Hakiendi popote hiki."

Akafika. Akaweka kofia. Akasema maneno yake, akalia, na mimi nikalia, na Mzee Harlan akajifanya anaangalia mawingu.

Tovuti ya wapanda vilima ikamwekea nyota kando ya jina lake. Amekamilisha jimbo.

Upasuaji ukaja, haukwenda vizuri. Mama sasa anatembelea kile kitembezi cha chuma cha kusukuma, na daktari alimwambia wazi kuwa mashamba ndiyo basi. Shimo moja la fuko, anguko moja, tunaongea mengine.

Mama hakulalamika. "Nimeshamaliza," alikuwa anasema. "Waache wanifungie ndani."

Ndipo akatokea Trent.

Trent Oberlander alihamia jimboni kwetu miaka michache iliyopita akitokea huko kwenye milima ya kweli, na alikuja na nyodo zake zote. Alikuwa bingwa wa ramani. Siku hizi kuna ndege zinapita zinapima ardhi kwa miale, na vipimo vinatolewa kwa kila mtu. Trent alivichukua, akavichambua, watu wakamwona mungu mdogo. Wakampa na funguo za tovuti.

Jumanne hiyo ya Oktoba akaandika: "Habari njema kwa wote!" Kwamba katika kaunti fulani, kilima cha Harlan sicho. Kuna kilima kingine, maili chache kutoka pale, kimekizidi futi mbili. Tayari yeye amekipanda, na nyota yake ameshajiwekea.

Akaweka na picha. Mwanaume mzima, amepiga magoti, makalio juu, anabusu ardhi.

Chini yake akaandika kwamba wote waliomaliza kwa kilima cha zamani wanaondolewa nyota mpaka waende kwenye kipya. Mama yangu alikuwa kwenye safu ya "bado".

Nilimkuta jikoni. Kahawa ilikuwa imepoa. Alikuwa ameitoa kofia ya baba kwenye msumari wake juu ya friji, ameiweka mezani, anaiangalia.

"Kumbe sijamaliza," akasema.

"Mama, achana nao hao."

"Nilimwambia baba yako tumefika, Renae. Nimemdanganya."

Hilo neno ndilo lililoniwasha. Ningeweza kuvumilia nyota. Nyota ni alama tu kwenye kioo cha kompyuta. Lakini mwanamke wa miaka themanini kukaa jikoni kwake anadhani amemdanganya marehemu mumewe, kwa sababu ya futi mbili za jamaa mwenye kiherehere! Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Nikatafuta namba yake nikapiga.

"Trent hapa. Nani mwenzangu?"

"Binti wa Ardith. Yule uliyemng'oa nyota asubuhi."

"Aa! Pole dada. Lakini siyo mimi, ni vipimo. Vipimo havina huruma."

"Mama yangu hawezi tena kutembea shambani."

"Naelewa kabisa. Ila tukianza kuoneana huruma, orodha itakuwa na maana gani?"

Nikavuta pumzi. "Na mwenye shamba jipya anasemaje? Anaruhusu watu?"

Akacheka. Nawaambia, alicheka.

"Dada yangu, ukigonga mlango unampa mtu nafasi ya kukukatalia. Mimi niliacha gari kwenye mtaro alfajiri, nikaruka geti, nikapanda, nikapiga picha yangu, nikasepa. Usipouliza hukatazwi. Nimeandika na maelekezo, mpitishe mama njia hiyo hiyo."

Nilikata simu kabla sijatukana. Halafu nikatukana, mpaka mama akanifokea.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado."

"Maliza, halafu unipeleke."

"Mama, daktari amesema—"

"Sijasema nitapanda. Nimesema nipeleke nikamwombe mwenye shamba. Akikubali, mimi nitakaa kwenye gari, wewe utapanda na kofia. Nyota wakae nayo. Baba yako ndiye ninayemtaka afike."

Nilipata nafasi baada ya wiki mbili, naye akaoka mkate akiwa amekaa kwenye stuli. Sikuruhusiwa hata kuponda ndizi, eti nina hasira, mkate hautaumuka.

Tulifika huko mahindi yakiwa yameshavunwa, mashamba meupe, vumbi la barabara ya changarawe linatufuata nyuma. Kilima tulikiona kabla hatujafika: mgongo mrefu wenye majani mabichi kuliko majani yote ya jirani, ndani ya malisho, na geti lake limefungwa kwa mnyororo mnene. Kwenye geti kulikuwa na ubao, maandishi ya rangi nyekundu:

WAPANDA VILIMA: HAPANA. HATA WEWE.

"Umeona?" nikamwambia mama. "Turudi."

"Geti siyo nyumba," mama akasema. "Nenda nyumbani kwake ukabishe hodi."

Nikaingiza gari kwenye njia ya nyumba. Sijashuka hata mguu mmoja, nikaona pikipiki ya magurudumu manne inakuja mbio, mbwa anakimbia pembeni anabweka. Juu yake mwanamke wa miaka sabini na kitu, nywele fupi nyeupe, buti za mpira, ovaroli.

"Geuza gari!" alianza akiwa bado mbali.

"Hata hujaniuliza shida yangu!"

"Shida yako naijua! Unataka kusimama juu ya kitu upige picha! Geuza gari kabla sijamfungulia mbwa!"

"Mbwa mwenyewe hajafungwa!"

"Basi kabla sijamruhusu!"

Nilikuwa nimeshashuka. Hasira niliyoibeba tangu ile Jumanne ikapata mtu wa kuipokea. "Sisi siyo wezi!"

"Wote mnasema hivyo! Mwenzako mmoja juzi aliacha geti wazi. Mitamba yangu ikatoka barabarani, mmoja akagongwa na lori la mahindi." Alikuwa amefika karibu kabisa. "Mimi ni daktari wa mifugo. Mtamba yule nilimvuta mwenyewe kutoka tumboni mwa mama yake, amekuja vibaya, miguu ya nyuma imetangulia. Na ni mimi niliyemchoma sindano ya kummaliza pale barabarani. Halafu mnaniletea habari za vilima!"

"Siyo mimi niliyeacha geti!"

"Siyo wewe, siyo yule, siyo nani! Kwa hiyo lilijifungua?"

"Na mimi nakwambia huyo aliyewaleta hao ndiye aliyemliza mama yangu!"

Tukawa tunapayuka wote wawili kwa wakati mmoja, mbwa anatusindikiza. Hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake.

Kioo cha gari kikashuka.

"Hodi hapa," mama akasema.

Hakupaza sauti. Lakini Daktari alinyamaza, na mbwa naye akanyamaza.

"Naitwa Ardith. Nimekuja kuomba ruhusa. Ukisema hapana, tunaondoka sasa hivi, na huyu binti yangu mwenye kelele nitakuondolea. Lakini mkate nimeshauoka, huo utabaki."

Daktari akamwangalia. Akaangalia kitembezi kwenye kiti cha nyuma. Akaangalia mkate.

"Wamepita hapa sijui wangapi," akasema polepole. "Mtaroni, kwenye uzio, mmoja nilimkuta amejificha nyuma ya tangi la kunyweshea. Wewe ndiye wa kwanza kubisha hodi."

Akazima injini. "Kahawa yangu chungu lakini."

"Hata yangu," mama akasema.

Jina lake lilikuwa Lavonne. Jikoni kwake kulikuwa kama jikoni zote za wakulima wa kwetu: meza ndefu, kalenda ya duka la pembejeo, na ukutani ile picha ya shamba iliyopigwa kutoka angani. Zamani marubani walikuwa wanapita juu wanapiga mashamba ya watu picha, kisha wanapita nyumba kwa nyumba kuziuza. Kila familia ilinunua yake. Zetu zinakaa ukutani mpaka zinapauka, na hakuna anayeziangalia tena.

Mama akamweleza yote. Baba, kofia, Mzee Harlan, nyota. Hakuongeza chumvi. Daktari Lavonne alikula vipande viwili vya mkate huku akimsikiliza.

"Sasa ni kilima kipi hasa?" akauliza mwishoni. "Maana hapa kwangu mimi sijui kilima."

Nikamwonesha ramani ya Trent kwenye simu. Akavaa miwani. Akasogeza simu karibu, akaipeleka mbali.

"Hiki? Cha kwenye malisho?"

"Hicho."

"Hiki chenye majani mazuri?"

"Ndiyo, hicho hicho."

Akaweka simu chini, akashika ukingo wa meza, akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Mbwa alitoka chini ya meza kuangalia kuna nini.

Mimi moto ukaniwaka upya. "Daktari, unamcheka mama yangu?"

"Hapana, mwanangu. Ngoja. Ngoja kwanza." Akafuta macho kwa kitambaa cha vyombo, akanyoosha kidole ukutani. "Nenda pale kwenye picha. Nioneshe kilima."

Nikasimama mbele ya picha. Niliona nyumba. Ghala. Miti ya kuzuia upepo. Barabara. Nikafuata uzio kwa kidole mpaka pale kilima kilipotakiwa kuwa.

Palikuwa na mahindi, mistari imenyooka kutoka uzio huu mpaka uzio ule. Hapakuwa na kilima.

"Hicho kilima chenu ni mimi na marehemu mume wangu," Daktari Lavonne akasema. "Tulijenga mabanda ya nguruwe, tukachimba bwawa la kinyesi. Udongo wote tuliurundika pale. Na kila tunapolikwangua bwawa, tope la chini tunalimwaga pale pale juu. Ndiyo maana majani yamestawi. Yatakosaje?"

Mama aliweka kikombe chini.

Mimi nikakumbuka ile picha. Nikaitafuta kwenye simu.

"Daktari, naomba uone na hii. Huyu ndiye wa kwanza kuruka geti lako, na ndiye aliyewaelekeza wengine wote."

Akaangalia. Akaangalia tena.

"Ameweka mdomo?"

"Ameweka."

"Wote?"

"Wote."

Sasa hapo hata mama alicheka, nami nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ile Jumanne. Alicheka ameshika nyonga, anasema "inauma, inauma," na haachi.

Kisha akatulia. "Kwa hiyo kilima cha Harlan..."

"Ndicho," nikamwambia. "Kilikuwa ndicho siku zote."

Akaitoa kofia kwenye mkoba wake. Akaipangusa ukingo kwa kidole gumba, akairudisha ndani. Daktari Lavonne alikuwa na adabu ya kwenda kuchemsha kahawa nyingine.

Mngedhani imeishia hapo. Hamumjui Trent.

Nilimtumia ile picha ya ukutani na maelezo yote. Akajibu kwa mstari mmoja: "Picha ya zamani siyo ushahidi. Umbo lile ni la kilima kilichoachwa na barafu ya kale. Ningehitaji kuona tabaka za udongo."

Nikampigia Daktari Lavonne, nikamsomea jibu.

"Anataka kuona udongo?" akasema. "Mwambie aje. Ila aje mlangoni."

Wanachama wenzake wa tovuti nao walikuwa wameanza kumuuliza maswali, hakuwa na pa kujificha. Akaja Jumamosi. Mama na mimi tulikuwepo, mama ndani ya gari na blanketi miguuni, kioo kimeshushwa. Hata ningekuwa mgonjwa kitandani ningekuja.

Trent alikuwa kijana kuliko sauti yake, na koti lake lilikuwa jipya. Daktari Lavonne alikuwa amesimama dirishani anamwona kabisa, na bado alimwacha agonge. Alipofungua mlango, hakusema habari wala karibu. Alimpa sepetu.

Akachimba. Chini ya majani udongo ulikuwa mweusi, na harufu ikaanza kupanda. Sisi watu wa nguruwe harufu ile tunaijua. Trent alikuwa anaikunjia uso, anaendelea.

Kisha sepetu ikanasa kitu. Akavuta. Ikatoka glavu ya plastiki, ndefu mpaka begani, ile wanayovaa madaktari wa mifugo wanapomwingiza ng'ombe mkono.

"Hiyo yangu," Daktari Lavonne akasema.

Nilicheka kwa sauti makusudi, ili anisikie. Trent akasimama na glavu mkononi, uso umemwiva.

"Nilidhani... vipimo vilionesha..."

"Na mtamba wangu?" Daktari hakuwa anacheka.

"Mtamba gani?"

"Aliyegongwa. Geti liliachwa wazi."

"Mimi sikufungua geti. Mimi niliruka!"

"Wewe uliruka. Uliowaelekeza wakafungua." Alimsogelea mpaka Trent akarudi nyuma kwenye shimo lake mwenyewe. "Kama ungenigongea mlango siku ile, ningekwambia kwa dakika moja kwamba hapa hakuna kilima. Dakika moja! Ungeenda zako, na hakuna mwingine ambaye angekuja. Lakini wewe uliona mimi ni wa kuzungukwa. Mnyama wangu amekufa kwa ajili ya rundo la mavi."

Trent akaishusha ile glavu. Hapo hata mimi kicheko kilinikauka, nikabaki na hasira yangu tu.

"Fukia shimo," Daktari akamwambia. "Ng'ombe wangu watavunjika miguu."

Nyota ya mama ilirudi Jumatatu. Bila samahani, bila pole. Trent aliandika "marekebisho ya takwimu", basi. Nilisoma maneno hayo nikatamani kuutupa ule mkebe wa kompyuta dirishani.

Lakini wanachama wenzake walikuwa na swali. Je, Trent mwenyewe amewahi kukanyaga kilima cha Harlan?

Hakuwahi. Alihamia huku vipimo vipya vikiwa mkononi, akakidharau, akaenda moja kwa moja kubusu samadi. Kwa sheria yake mwenyewe, nyota iliyokuwa inatakiwa kutoka ilikuwa ya kwake. Wakamtoa.

Na Mzee Harlan, habari zilipomfikia, akaweka kufuli getini. Akasema yeyote anayetaka kupanda kilima chake apate kwanza neno la Ardith.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi nilingoja, na sikungoja sana.

Jumapili moja ya Novemba mlango wa mama uligongwa. Nikafungua. Trent, koti lile lile, mkononi mkate wa dukani ndani ya nailoni.

"Nimekuja kumwona mama," akasema.

Nikasimama katikati ya mlango. "Sijasikia."

"Nimekuja kumwona—"

"Hilo nimesikia. Kuna neno la kwanza sijalisikia."

Alinielewa. Akaangalia viatu vyake. Nilimwacha na baridi yake, sikuwa na haraka.

"Hodi," akasema.

Sikumjibu. Nilikuwa nimejiandaa kumfungia mlango usoni, nimeiota siku hiyo, maneno yote niliyokuwa nayo nimeshayapanga mdomoni.

"Karibu!" mama akaitika kutoka jikoni.

Jamani. Nilitamani kulia kwa hasira.

Akaingia. Akasimama mbele ya meza kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, akasema anahitaji neno kwa Mzee Harlan. Halafu, lazima niwe mkweli, akasema na jingine: kwamba amekosa. Alisema mara moja, kwa sauti ndogo.

Mama aliuangalia ule mkate wa nailoni.

"Harlan hali vya dukani," akasema. "Vua koti. Ndizi ziko pale."

Nikamshuhudia bingwa wa ramani anaponda ndizi kwa uma jikoni kwa mama yangu. Mama amekaa kwenye kiti chake anamsimamia. "Ponda vizuri. Usiache mabonge."

Mkate ulipokuwa kwenye oveni akamuuliza, "Geti la Harlan ukilikuta limefungwa, utaliachaje?"

"Limefungwa."

"Na ukilikuta wazi?"

Akafikiri. "Wazi. Huenda kuna sababu ambayo siijui."

"Sasa unaweza kwenda," mama akasema, akanyoosha mkono kuchukua simu ampigie Harlan. Juu ya friji kofia ya baba ilikuwa kwenye msumari wake.

Mama alimsamehe. Hiyo ni yake, ana roho kubwa, Mungu amzidishie. Mimi sijamsamehe, na msiniandikie kwenye maoni kwamba nimsamehe. Namwona mama anavyosukuma kile kitembezi, nakumbuka siku alipodhani amemdanganya baba, na mtamba wa Daktari Lavonne harudi.

Mimi nimebaki na hili tu. Ukikiona kilima cha mtu, hata kama ramani yako inakijua kuliko mwenyewe, kina mlango wake mahali fulani. Tafuta huo mlango kwanza, ugonge, useme hodi. Unaweza kukataliwa, ndiyo. Lakini unaweza pia kuambiwa unachotaka kukibusu ni nini.